Swali Moja la Kupokelea Mabegi

Miaka ya tisini, pale machimboni Nyarugusu, nilikuwa na kibanda cha kutunzia mabegi. Ikivuma kwamba dhahabu imetoka Mwakitolyo, wachimbaji walitaka kuondoka saa hiyohiyo, mikono mitupu, na mizigo wakaniachia mimi.

Mwanzoni nilijifanya ofisi. Jina kamili, jina la baba, kijiji, mjumbe wa nyumba kumi. Foleni ilifika barabarani na mimi nikawa mkali kama karani wa serikali. Tena wengi walikuwa wamewatoroka wake zao, kwa hiyo walinipa majina ya uongo, na wakirudi wameyasahau. Mtu mzima anasimama mbele ya begi lake mwenyewe anakuna kichwa! Nilichoka.

Nikafuta maswali yote nikabakiza moja: "Juu kabisa umeweka nini?" Jibu naliandika kwenye kipande cha boksi, nakifunga kwenye begi, basi. Ukirudi unataja, nafungua zipu kuhakikisha, unachukua. Foleni ikawa inaisha kabla chai yangu haijapoa. Nilitamba sana na swali langu.

Siku moja akaja mama kutoka Segese, mtoto mgongoni. Baada ya salamu akasema amefuata begi la mumewe.

"Dada, hapa hatuulizi majina," nilimwambia. "Juu kabisa kuna nini?"

"Shuka la maua mekundu. Nililikunja mwenyewe."

Nikafungua zipu. Kweli, shuka la maua mekundu. Nikampa.

Mumewe aliporudi alitaja shuka lilelile, bila kukosea hata ua. Nikamwonyesha barabara ya Segese.