Ukuta wa Ojwang, Kinyozi wa Laini

Wazazi wake walimpa jina la Ojwang, na ndilo lililoandikwa katika kipande chake cha kazi. Hata hivyo, katika laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai lililoteremka kutoka Sosiot kuelekea mtoni, watu wote walimwita Bwana Ukuta. Jina hilo halikuwa la heshima lilipoanza. Lilizuliwa na wanawake waliopita mbele ya nyumba yake wakienda kuteka maji. Mlango ukiwa wazi, waliuona ukuta wa udongo uliojaa vitu ambavyo mtu mwingine angevitupa jalalani: nyembe zilizoliwa na kutu, vitana vya mti vilivyong'oka meno, miswaki iliyotafunwa hadi mwisho, na kibuyu chenye shingo nyembamba kilichotumiwa kumtia mtoto dawa kwa nyuma.

"Huyu hana ng'ombe wala baiskeli," walisema, wakiweka mitungi chini ili wacheke vizuri. "Ana ukuta!"

Ojwang alikuwa mtu wa kandokando ya ziwa, na alifika Kericho miaka ya ishirini, wakati vilima vingi vilikuwa bado havijapandwa chai. Siku za kazi alikuwa kiwandani, kwenye dari la kunyaushia majani. Jumapili, baada ya ibada, alikuwa kinyozi. Aliketi kwenye kigoda chini ya upenu wa nyumba yake, akanoa wembe kwenye ngozi, na wateja wakapanga foleni kabla mvua ya alasiri haijawafukuza.

Alipendwa kwa mkono mwepesi, lakini zaidi kwa desturi moja ambayo hakuivunja hata siku moja. Kabla ya kumnyoa mtu, alimtandikia kitambaa mapajani. Alipomaliza, alizikusanya nywele zote, akazifunga kwa jani la mgomba na kumkabidhi mwenyewe. Katika laini hizo waliishi Wajaluo, Wakisii na Wakipsigis, watu waliotofautiana kwa mengi, kuanzia chakula hadi namna ya kuomboleza. Juu ya jambo hili hawakutofautiana. Nywele, kucha na damu ya mtu havikai mikononi mwa mwingine, kwa maana adui akivipata anaweza kumroga mtu huyo. Kinyozi asiyerudisha nywele asingepata mteja wa pili.

Ukuta wake ulianza kwa sababu ya huzuni. Mama yake alikuwa mwumikaji. Alitibu watu kwa pembe ya ng'ombe: alichanja ngozi kidogo, akaweka pembe, akavuta hewa kwa mdomo kupitia tundu la nchani, kisha akaliziba tundu kwa nta ili damu mbaya ipande. Alipofariki, ndugu waliokwisha kuingia dini walichoma vyombo vyake vyote. Ojwang alikuwa mbali, shambani. Aliporudi nyumbani alikuta majivu. Hakugombana na mtu, ila aliporejea Kericho alianza kuwaomba watu vitu walivyotaka kutupa. Watoto waliozaliwa katika laini walijua chupa za zahanati tu, naye alitaka wajue pia wazee wao walitibiwa na kujitunza kwa vitu gani. Mtumishi wa zahanati alipompa bomba la sindano lililopasuka kioo, alilitundika pia, kando ya pembe ya kuumikia.

Pembe hiyo alipewa na Mzee Gichana, Mkisii aliyekuwa mwumikaji mashuhuri na ambaye uzee ulimpokonya nguvu za mapafu. Ilikuwa pembe nzuri, nyeusi, yenye mkato mdogo ukingoni. Ndani yake damu ya mgonjwa wa mwisho ilikuwa imekauka na kugandamana kama lami. Mke wa Ojwang, Syprose, alitaka kuiosha siku ile ile.

"Baba Phelix, hiki kitu kinanuka. Nipe nikaoshe mtoni."

"Usiguse, Mama Phelix. Ukiiosha itabaki pembe ya ng'ombe tu. Mtoto atajuaje ilifanya kazi gani?"

"Atajua kwa kunusa?"

Ojwang alicheka, na pembe ikatundikwa ilivyo. Vitana navyo vilibaki na nywele katikati ya meno, na nyembe na madoa yake. Mtu aliyerudisha kila unywele wa mteja alisahau kabisa kwamba ukutani mwake miili ya watu ilikuwa inaning'inia. Kwake vilikuwa vitu vya kale, na hakuona kwamba wenyewe wengi walikuwa hai, wakiishi nyumba ya pili na ya tatu.

Jumapili moja ya mwaka 1934, mvua ilimwahi kabla ya saa yake, na mteja aliyekuwa kwenye kigoda akaingizwa ndani ili amaliziwe. Mteja huyo alikuwa Nyamwange, nyapara wa wakata miti ya chai, Mkisii mrefu mwenye sauti ya kusikika bonde zima. Kwa majuma kadhaa alikuwa akiumwa kichwa. Aliketi akitazama ukuta, kwanza kwa dharau, kisha kwa makini. Aliinuka na povu la sabuni shingoni, akaishusha ile pembe na kugusa mkato wa ukingoni.

"Hii ni ya Mzee Gichana."

"Ndiyo, alinipa mwenyewe."

Nyamwange aliipindua, akachungulia ndani. "Mtu wa mwisho Gichana kumwumika ni mimi. Hii ni damu yangu." Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ndogo. "Wewe Jaluo, umeanika damu yangu ukutani kama nyama ya kukaushwa? Ndiyo sababu kichwa kinapasuka!"

Alitoka mvuani akiwa amenyolewa upande mmoja.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Habari ilipita kiwandani na mashambani haraka kuliko gari la majani. Kila aliyewahi kumpa Ojwang kitu alikumbuka alichoacha juu yake. Kigoda kilikaa bila mtu. Wanawake waliokuwa wakicheka walipita sasa kwa njia ya mbali. Nyamwange alitangaza kwamba Jumapili inayofuata vitu vya ukuta ule vitachomwa moto mbele ya watu wote, na kwamba kesho yake asubuhi atamwambia bwana mwenye shamba kuwa mchawi hafai kulala katika laini. Ojwang alikuwa karibu kupoteza kazi na nyumba, lakini lililomnyima usingizi ni lile neno: mchawi. Neno hilo likimshika mtu Kericho, humtangulia hadi kwao ziwani.

"Vichome wewe mwenyewe kabla hawajaja," Syprose alimshauri. "Utakuwa umewanyamazisha."

"Nikivichoma mwenyewe nitakuwa nimekiri."

"Basi utafanya nini?"

Ojwang aligeukia ukuta. "Siku zote huwa nafanya nini nikimaliza kunyoa?"

Syprose alimwangalia, akaelewa, akaanza kutoa kapu.

Jumapili ilipofika, watu walikuja kutoka ibadani moja kwa moja. Nyamwange alikuwa amewasha moto mkubwa wa matawi ya chai yaliyokatwa, ambayo huwaka kwa hamaki, na aliharakisha mambo kwa sababu mawingu yalikuwa yamekwisha kuegemea vilima. Ojwang alitoka akiwa amebeba kapu. Vitu vyote vilikuwa ndani yake. Ukuta nyuma yake ulikuwa mtupu.

"Lete hapa," nyapara aliamuru.

"Nitaleta. Lakini si vyangu peke yangu, kwa hiyo siwezi kuvichoma peke yangu." Ojwang aliweka kapu chini. "Ndugu zangu, kosa nimelifanya. Nywele za kila mtu nilimrudishia mkononi. Vitu hivi nilivipokea na nikasahau kurudisha kilichokuwa juu yake. Leo narudisha. Kila mtu achukue chake, akaoshe mtoni kwa mkono wake mwenyewe, damu yake na nywele zake ziende na maji akiona. Akimaliza, kitu kiko mkononi mwake. Anayetaka kuchoma, moto ule pale. Anayetaka kunirudishia, ukuta ule pale."

Watu walinung'unika, wakatazamana. Nyamwange alipaza sauti: "Na kama umekwisha kukifanyia dawa? Maji yatafanya nini? Kichwa changu kinauma!"

Mzee Gichana alikuwa amekaa juu ya gogo, mikono yote miwili juu ya fimbo. "Nyamwange, mwanangu," alisema bila haraka, "nilikuumika mwaka gani?"

"Mwaka ule wa nzige, mzee."

"Kwa sababu gani?"

Nyapara alijishika paji la uso. "Kichwa."

"Na Ojwang alikuwa na ukuta mwaka huo?"

"Hakuwa na hata nyumba!" alidakia Marcella, mjane Mjaluo mwenye ulimi mkali, aliyekuwa ametoa kile kibuyu. "Alikuwa analala kwa shemeji yake, nyuma ya magunia. Nyapara, kichwa chako ni kikubwa kwa umri kuliko ukuta!"

Kicheko kiliwapasua. Hata waliokuwa wameshika kuni walicheka. Marcella hakungoja, aliingiza mkono kapuni, akatoa kibuyu na kukiinua juu.

"Watoto wangu wote wamepitia hapa. Wengine wako mbele yangu wanajifanya wazee wa kanisa. Nikaoshe au mnataka kunusa kwanza?"

Aliteremka mtoni. Nyuma yake alifuata mfanyakazi mmoja aitwaye Mosoti na wembe wa marehemu baba yake, kisha mwingine na kitana, kisha wengi. Waliinama kwenye mawe kama watu wanaofua, kila mmoja akisugua kilicho chake kwa mchanga na majani, akitazama uchafu ukichukuliwa na maji hadi ulipopotea kwenye kona. Wakati wakisugua walianza kusimulia. Mosoti alieleza jinsi baba yake alivyowanyoa wafiwa, na kwa nini aliuanza wembe upande wa kulia. Mama mmoja alionyesha namna ya kupasua mswaki usiumize ufizi. Vijana waliokuja kuangalia mtu akifukuzwa walijikuta wameketi wakisikiliza.

Walipopanda, wa kwanza kufika mlangoni kwa Ojwang alikuwa Marcella. Aliingia na kukitundika kibuyu mwenyewe. Mosoti akaingia na wembe. Walipita kando ya moto mmoja baada ya mwingine, na moto haukupata kitu.

Alibaki Nyamwange. Alikuwa ameosha pembe yake kuliko wote, ndani na nje, hata ikang'aa. Alisimama kati ya moto na nyumba, akiitazama. Hakuna aliyemhimiza. Ojwang alisimama kando ya mlango mikono ikiwa nyuma, na Syprose alimshika shati kwa nyuma, kwa nguvu.

Nyapara aliinamisha kichwa ili asigonge upenu, akaingia. Sauti ilisikika kutoka ndani: "Kinyozi! Njoo hapa. Mambo gani haya? Damu ya nyapara haiwezi kukaa chini ya kibuyu cha makalio ya watoto. Nipe msumari, niweke juu!"

Kelele zilizopigwa siku hiyo zilisikika hadi kiwandani. Marcella alipiga vigelegele, Wakipsigis waliokuwa wakipita barabarani na ng'ombe wakasimama kuuliza kuna arusi ya nani, na kwa kuwa moto mzuri haufai kupotea bure, mtu alikwenda kuleta mahindi mabichi. Walichoma mahindi na kuyala wamesimama, mpaka mvua ikaja na kuwaingiza wote, waliotosha na wasiotosha, katika nyumba ya Ojwang, wakiubana ukuta kwa migongo.

Tangu hapo jina la Bwana Ukuta lilitamkwa kwa namna nyingine. Watu walikuja kutoka Roret na Soin, wakiwa na vitu vilivyooshwa tayari na hadithi tayari. Mzee arap Maritim wa karibu na Sosiot alileta vipande vya mti vya kutanulia tundu la sikio na pembe ya kuhifadhia mafuta ya kujipaka, akakaa siku nzima akieleza. Nyumba ilipozidiwa, Ojwang alipewa ghala la mbegu lililokuwa limeachwa, lenye kuta nne zilizonyooka. Jumapili watoto waliingia kwa makundi, na mara nyingi aliyewaongoza alikuwa nyapara Nyamwange, ambaye hakuruhusu mtu mwingine aeleze habari za ile pembe. Kichwa chake kilitulia baada ya mtumishi wa zahanati kumpa miwani. Hakuipenda miwani, lakini aliahidi kwamba siku itakapovunjika itakwenda ukutani.

Kuhusu kunyolewa, alikawia kidogo kurudi, kwani aibu nayo ina siku zake. Aliporudi aliketi kwenye kigoda bila salamu ndefu. Ojwang alimtandikia kitambaa mapajani, akamnyoa pande zote mbili sawasawa, akamfuta shingo, kisha akaanza kukusanya nywele na kunyoosha mkono achukue jani la mgomba.

Nyamwange alikuwa amekwisha kuinuka. Kundi la watoto lilikuwa linamngoja mlangoni mwa ghala. Alikung'uta kitambaa mwenyewe, nywele zikatawanyika ardhini.

"Fagia tu, Bwana Ukuta," alisema, akaenda zake.

Ojwang alisimama na jani mkononi. Aliliweka chini, akachukua ufagio, akafagia kuanzia ukutani kwenda nje, taratibu, hata uwanja wote chini ya upenu ukawa safi.