Jezi Niliyovuliwa Golini

Jumapili iliyopita nilijiaibisha mbele ya watu wa Tunduma, na afadhali mkisikie kisa hiki kwangu kuliko kwao.

Kwa miaka mingi nilikuwa kipa wa timu ya mgodi huko Rhodesia. Wazungu walinilipa nidake mipira, si nichimbe shaba. Goti lilipovunjika wakanipakia kwenye lori, wakanirudisha kijijini kwetu Ndalambo, na hakuna aliyeniulizia tena.

Ndipo nahodha wa timu ya Tunduma alipokuja nyumbani. "Mzee Sichone, Jumapili tunakutegemea," alisema. "Usisahau ile jezi yako ya mgodini."

Mke wangu alilitazama goti langu. "Baba Yohana, kwani wamesema utacheza?"

Nilimjibu kwamba mambo ya mpira hayajui.

Nilifika uwanjani nimeivaa ile jezi, ikinibana tumbo. Watu walikuwa wakiimba, "Sichone, Sichone." Machozi yalinilengalenga. Nikawapungia mkono, nikachechemea hadi golini, nikatemea viganja.

Nahodha alinifuata mbio. "Mzee," alisema kwa upole, "wanamwita mwanao. Tuliomba jezi tu."

Nyuma yake alisimama kipa wao mpya, mtoto wa marehemu kaka yangu, Sichone kama mimi, kifua wazi.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema, akanyoosha mikono yote miwili kuipokea.

Nilipoivua ilinikwama kichwani, ikabidi wanivue wao. Ndani sikuwa nimevaa kitu. Kijana alipoivaa, nikiwa bado katikati ya goli na tumbo langu nje, watu wakaanza tena kuimba jina letu.