Mama Aliyeacha Majani Yaote

Mama yangu na fagio ni kitu kimoja. Hapa Bunia, Jumamosi asubuhi ni salongo, mtaa mzima unafyeka na kufagia mbele ya nyumba, lakini yeye anaanza Ijumaa. Uwanja wake haukuwa na hata unyasi mmoja. Nilimwambia atafagia mpaka udongo uishe.

Nyuma ya jiko ana mizinga yake, na baba alichoka kuumwa na nyuki. Muuguzi mmoja alikuwa anatafuta unga wa maua wa kutia katika uji wa wagonjwa wake. Baba akasema: akiukubali wetu, mizinga ibaki, akiukataa, iende Irumu kwa mjomba. Mama hakubisha, lakini chakula kilimshinda.

Unga huo nyuki wanauleta miguuni, vidonge vidogo. Tunaunasa mlangoni mwa mzinga, tunaukausha kivulini. Muuguzi akautazama wetu. Ulikuwa mweupe-mweupe, rangi moja tu.

"Mama, nyuki zako zinakula wapi?"

"Kwa mikalitusi ya barabarani. Hapa kwangu iko safi."

Muuguzi akasema shida ni hiyo. Kila ua lina vitamini zake, moja linatoa nyingi, lingine kidogo tu. Ile inayosaidia macho, mara nyingi utaikuta zaidi katika unga wa rangi ya machungwa. Alitaka unga wa maua mchanganyiko. Angerudi mvua zikikolea.

Basi mama akaweka jembe chini. Maboga yakatambaa mpaka mlangoni, alizeti za porini zikasimama, na yale majani ambayo mbegu zake zinashika nguo yakatushika siye wote. Siku ya salongo alikaa amekunja mikono, haya inamuua. Shefu wa mtaa akapita.

"Mama, weye uko mugonjwa?"

"Niko muzima. Pita tu."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Muuguzi aliporudi, sahani ilikuwa na unga wa rangi ya njano, machungwa, kahawia, hata zambarau. Akaukubali palepale.

Jumamosi iliyofuata majirani wakaja na mapanga, kutusaidia, eti mama amezeeka. Nikamwona baba anatoka mbio, akasimama katikati ya maboga.

"Hapa hamufyeke. Nyuki za muke wangu zinakula."

Mama alimsikia akiwa jikoni. Akafunika uso na kitenge, akalia kwa furaha, na mimi nikalia naye.