Mgonjwa wa Umuganda Aliyevaa Gauni

Kosa langu la kwanza katika biashara ya mtandaoni, kabla hata sijamuuzia mtu leso ya kufutia kamasi, lilikuwa kungoja mwanga mzuri. Naona haya kulisema kwa sababu linasikika kama sifa, kama yule anayeulizwa udhaifu wake kwenye usaili akajibu kwamba anapenda mno kazi, lakini subirini, mbele ya safari niko ndani ya mtaro, nimevaa gauni, na watu wananipigia makofi.

Shangazi yangu Zaituni ni fundi cherehani pale Kimisagara, Kigali. Anashona magauni ya kitenge, na kwenye kila shingo anatia lebo ndogo yenye jina lake. Wateja walipopungua, mchuuzi mmoja wa jumla akamwambia atayachukua yote, ila lebo atazing'oa atie zake. Shangazi alikuwa karibu kukubali. Mimi, mjuzi wa kila kitu nilichojifundisha mwenyewe kwa kutazama video kitandani, nikamwambia, "Shangazi, nipe mwezi mmoja, nitayauza kwenye simu na jina lako likiwa palepale."

Akanitazama. "Haya, mwanangu. Ila mwezi ukiisha, Jumatatu yule anakuja na gari."

Mwezi niliutumia vizuri sana. Nilichagua rangi ya ukurasa (kijani, kisha kijani nyingine ambayo hakuna binadamu anayeweza kuitofautisha na ile ya kwanza), nikabadilisha pazia, nikalirudisha la zamani, halafu nikagundua kuwa chumba changu huko Kabuga kina mwanga unaofaa asubuhi tu, tena mlango ukiwa wazi. Mauzo hayakuwepo, lakini pazia lilipendeza. Ikabaki Jumamosi moja, ya mwisho wa mwezi, na anayeishi Rwanda anajua asubuhi hiyo ni ya umuganda: maduka yanafungwa, barabara zinanyamaza, na majirani wote wanatoka na majembe kufanya kazi ya mtaa. Mtu mwenye akili angerusha matangazo yake mchana. Mchana mwanga wangu ni mbaya. Basi nikaandika kwenye kundi la simu la mudugudu wetu, ambamo wamo majirani wote na kiongozi wao, kwamba tumbo limenishika, naomba radhi.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu. Watu wa Kigali watakuwa mitaroni, kwa hiyo nitawauzia jamaa wa Dar na Bujumbura. Kilichonipita ni kimoja tu: Aline, rafiki yangu aliyekubali kuyavaa magauni mbele ya simu, anakaa Kacyiru, mbali na kwangu, na huja kwa pikipiki. Asubuhi ileile akanipigia.

"Sha, pikipiki hakuna."

"Vipi hakuna?"

"Issa. Ni umuganda." Alilisema polepole, kama anayemweleza mtalii.

Gauni zuri kuliko yote, lile linalobana magotini, Shangazi alikuwa ameshona moja tu la mfano. Nikalitundika ukutani, likaning'inia kama limefiwa, na mimi si mtu wa kukubali kitu nusunusu. Kwa hiyo nikalivaa. Zipu ya mgongoni niliipandisha kwa ndoano ya henga, nikaelekeza simu kuanzia shingoni kwenda chini, nikaenda laivu, nikizungumza kana kwamba anayesema ni mtu mwingine aliyesimama kando.

Binamu yangu wa Dar akaandika: "Huyo dada ana magoti ya beki wa kati."

Nikajifanya sijaona. "Mtindo wa kisasa," nikasema kwa sauti laini, "kwa mwanamke anayejiamini."

"Hodi," mtu akasema mlangoni.

Hapa lazima niwatetee majirani zangu. Kwetu ukisema unaumwa, watu wanakuja kukuona, na wale waliacha mtaro katikati ya kazi kwa ajili yangu. Mbele alikuwa Mzee Kalisa, mkuu wa mudugudu, na buti zake za matope. Nyuma yake Mama Divine, jirani wa ukuta kwa ukuta, amebeba chupa ya uji. Na mlango, mtakumbuka, ulikuwa wazi kwa ajili ya mwanga.

"Mgonjwa iko wapi?" akauliza Mzee Kalisa, halafu akaniona. Alinikagua kuanzia pindo kwenda juu, bila haraka. "Issa. Ni tumbo ndiyo imekufanya hivi?"

"Mwacheni, Mzee," Mama Divine akasema. "Labda daktari kamwambia avae kitu kisichobana."

Nikaruka kuzima simu. Gauni linalobana magotini si vazi la kurukia. Nilianguka, simu ikaanguka nami, na kamera, ambayo muda wote ilikuwa imeuficha uso wangu kwa ustadi, ikautazama kwa karibu, huku binamu akiandika herufi moja tu ya kicheko mstari mzima.

"Twende," Mzee Kalisa akasema. "Jembe tutakupa."

"Nibadilishe kwanza, Mzee."

Zipu ikagoma. Mama Divine akaweka uji chini, akajaribu, akaniambia taratibu, "Nikivuta kwa nguvu, inachanika."

Lilikuwa gauni moja tu, na lebo ya Shangazi ilikuwa inanikwaruza shingoni. Nikaomba buti.

Nililima mtaro ule mpaka mwisho, nikiinama na kupiga hatua fupifupi kama bata, na simu zote za mudugudu zikinielekea. Kwenye mkutano baada ya kazi, Mzee Kalisa akasimama na uso mkavu. "Tulikuwa na mgonjwa. Amepona. Tumpigie makofi."

Makofi yalipoisha, Mama Divine alinivuta kando, akashika mshono wa pembeni na kuukagua. "Umeinama humu asubuhi nzima na haijaachia. Nashonewa wapi hii? Ila mimi nataka mpya, siyo ya mgonjwa." Wenzake wawili waliokuwa wakinicheka wakasogea kusikiliza jibu.

Shangazi alinipigia mchana, pikipiki ziliporudi barabarani. Video ilikuwa imemfikia.

"Nusu saa unasema mtindo wa kisasa, mtindo wa kisasa," akasema. "Hukuweza kuwaambia kwamba linainamika?"

Jumatatu mchuuzi alikuja na gari lake, akachukua nusu ya magauni. Nusu nyingine Shangazi alimkatalia, kwa sababu yalikuwa yameshapata wenyewe, wengi wao wa mudugudu wangu wa Kabuga.

Siku hizi anayeonekana na kusema kwenye ukurasa ni Shangazi, kwenye cherehani yake, mwanga ukiwa mzuri au mbaya, na mimi nashika simu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi hatuuzi kitu asubuhi. Nakuwa mtaroni, nimevaa suruali, nimefika kabla ya Mzee Kalisa.