Tui Haliachwi Peke Yake

Wiki iliyopita nililetewa shelisheli kutoka Mafia, limeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Nilipolikata, utomvu wake mweupe ukanigandia vidoleni. Nilijinusa mikono kama mwehu, hapa jikoni kwangu Dodoma, na mara nikawa na miaka minane, nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, miguu nimeitandaza sakafuni.

Tulihamia Miburani, huko Mafia, mimi na Mama. Mama ni mtu wa Njombe, nesi, aliyepangiwa kazi kisiwani. Baba alibaki bara na kazi yake. Tulikuja na gunia la maharage, ndoo ya unga, na imani kwamba chakula ni hicho. Nazi Mama aliijua kwenye mafuta ya nywele tu, na alisema waziwazi kwamba hawezi kula kitu anachojipaka kichwani.

Basi ikaja masika. Bahari ikachafuka, vyombo vya kutoka bandari ya Nyamisati, bara, vikakwama huko huko, maharage yetu yakaisha. Mama akaanza kukonda. Alikuwa ameshaomba uhamisho kurudi Njombe, na kila jioni alinisimulia baridi ya kwao na viazi vya kwao mpaka machozi yanamlengalenga. Mimi sikutaka kuondoka. Ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kuogelea, na maji ya Njombe ni barafu! Nikawa namwomba Mungu uhamisho ukwame, na papo hapo namwomba Mama asilie tena. Hata kwa akili yangu ya kitoto nilijua maombi hayo mawili hayaivi chungu kimoja.

Jirani yetu alikuwa Bi Pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuwaita kuku wa mtaa wa pili. Mumewe, Mzee Faki, alilima mihogo na kusema kidogo, maana nafasi ya kusema hakuachiwa. Siku moja Bi Pili alituletea shelisheli na nazi. Mama akalipika kama alivyozoea kupika maharage: akatia kila kitu sufuriani, akafunika, akaenda kupiga pasi sare zake.

"Hodi!" Bi Pili aliingia kabla ya kukaribishwa, akafunua sufuria. Mafuta yalielea huku, maji kule. "Lahaula! Tui limekatika!"

"Shikamoo, Bi Pili," Mama alisema kwa aibu.

"Marahaba, mwanangu. Nani kakwambia tui lafunikwa? Tui halifunikwi, wala haliachwi peke yake. Ukilipa kisogo tu, lakatika."

Mama akaangua kilio. Mimi nilidhani analilia nazi.

Bi Pili alikaza kanga yake kiunoni, akanikalisha kwenye mbuzi nikune nazi nyingine, akakamua tui kwa kifumbu, akampa Mama upawa. "Koroga taratibu mpaka lichemke. Hatuna haraka." Wakakaa kwenye vigoda viwili, mvua inapiga bati, Mama anakoroga na kueleza jinsi mama yake alivyo mbali.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," Bi Pili alimwambia. "Hapa tupo sisi."

Shelisheli lile lilikuwa laini, lina utamu kidogo na chumvi kidogo, na tui limelishika kila kipande. Mama alikula, akaongeza, kisha akakomba sufuria kwa kidole.

Tangu siku ile Bi Pili alikuja kila alasiri, upawa wake kwapani. "Nimekuja kukuangalizia tui." Ikawa kisamvu, ikawa kunde, ikawa changu wa nazi bahari ilipotulia. Mimi nilinung'unika, maana mkunaji alikuwa mimi na vidole vilichubuka. Tena nilishangaa: Mama, aliyeweza kuupata mshipa wa mtoto mchanga, eti alihitaji kuangaliziwa tui masika nzima!

Uhamisho ulikubaliwa. Nilimuuliza Mama tunaondoka lini. Hakuacha kukoroga. "Ngoja kwanza msimu wa mashelisheli uishe," alinijibu. Msimu uliisha, ukaja mwingine, na mwishowe aliyehama ni Baba. Mama amestaafu na bado yuko palepale Miburani.

Nimeelewa ukubwani, nilipojifungua katika mji ambako sikumjua mtu, sili wala silali, kwamba kupika tui Mama alikujua tangu siku ya pili. Bi Pili alikuwa akimwangalia Mama. Kila nikikumbuka, namshukuru yule bibi, na hata zile nazi zilizonichubua nazishukuru.

Mzee Faki alifariki hivi karibuni, na Bi Pili yumo ndani, anakaa eda. Siku ile ile ya wiki iliyopita, shelisheli langu likiwa tayari limemenywa, nilimpigia Mama kumuuliza kama tui jepesi ndilo linalotangulia. Alipokea upesi upesi, na nyuma yake nikasikia upawa ukigonga sufuria.

"Nitakupigia baadaye, mwanangu," alisema. "Niko kwa Bi Pili, namwangalizia tui."