Kichuguu cha Bibiana chafungwa safari

Saa kumi na mbili asubuhi mvua imekatika, na uwanja mzima unafuka mvuke kama chungu kilichofunuliwa. Bibiana Chiwanga amevua viatu. Anapanda polepole kwenye kilima kidogo cha udongo mwekundu kilicho katikati ya uwanja, anakanyaga kwa kisigino, anasikiliza, kisha anakanyaga tena.

Panapobonyea anachukua mchi. Ni mchi hasa, wa kutwangia, uliosafiri kutoka Mpwapwa ndani ya mzigo wa mfanyabiashara mmoja. Anaushika kwa mikono miwili na kuitwanga ardhi.

"Hapa panalia vibaya," anasema bila kuinua kichwa. "Udongo uliokaza unalia kama mlango unaofungwa. Huu unalia kama ugali ambao haujaiva."

Bibiana ana miaka 54. Ni mtunza uwanja wa besiboli katika chuo kimoja cha binafsi, kusini mwa jiji la Guangzhou. Huu ni mwaka wake wa kumi kazini, na ndio wa mwisho. Tarehe thelathini ya mwezi huu uwanja unafungwa, na mahali alipopiga magoti asubuhi hii patamwagwa lami, paegeshwe magari.

Mbona basi anahangaika kukarabati kitu kinachokwenda kuvunjwa?

"Mtu akisafiri humfulii nguo?" anajibu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, Bibiana ana maelezo yake. Anasema ni ndugu wa mbali wa rede. Mmoja anarusha mpira kwa nguvu zote, mwenzake anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne arudi alikoanzia. Yule anayerusha husimama juu ya kilima. Kilima kikiwa kifupi mpira hauna nguvu, kikiwa laini mguu unateleza na goti linaharibika.

Wachezaji wa chuo hiki hawakiiti kilima. Wanakiita kichuguu, kwa Kiswahili kabisa, kwa sababu ndivyo anavyokiita yeye. Na yeye wanamwita Ayi, jina ambalo Wachina humwita mama wa makamo kwa heshima, kama sisi tunavyosema shangazi.

Alikuja Guangzhou kama wengi walivyokuja, kununua nguo. Alizunguka maduka ya jumla ya barabara ya Zhanqian kwa misimu minne, akijaza viroba vya magauni ya kupeleka Dodoma. Msimu wa tano mzigo ulilowa maji ya bahari njiani, na mtaji ukaenda nao. Mama mmoja wa Kichina aliyekuwa akimpangisha chumba alimwambia kuna chuo kinatafuta mfagiaji. Akaenda kufagia, na chuo kikamwombea kibali cha kazi.

Siku yake ya kwanza uwanjani anaikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yake.

"Niliambiwa, mama, safisha uwanja. Nikatazama, uwanja mzuri, tambarare, ila katikati kuna rundo la udongo. Nikasema, hawa mafundi ujenzi ni wale wale, wanamaliza kazi wanaacha kifusi. Kwetu mwanamke hafagii uwanja akaacha kifusi katikati. Nikaomba jembe."

Kufikia saa nne hapakuwa na kilima. Paliposawazishwa alipapiga ufagio mara mbili, mistari ikakaa kama nywele zilizochanwa. Kocha wa timu, Mwalimu Liang, akafika na wanafunzi wake. Alitazama, akavua kofia, akakaa chini.

"Nilidhani ananishukuru," anasema Bibiana.

Mwalimu Liang, mtu mwembamba wa miaka 61 anayesema kwa sauti ya chini, hakumfukuza. Alimwonyesha picha na vipimo vya kilima, akampa siku tatu akirudishe. Bibiana akakirudisha, na hapo ndipo kazi yake ilipogeuka.

Kilima cha zamani kilikuwa kinamomonyoka kila mvua ikinyesha, na mvua ya huku inanyesha kuanzia Aprili hadi Septemba. Bibiana alizaliwa kwenye nyumba ya tembe, yenye paa la udongo. Tangu mdogo alimsaidia mama yake kulikandika paa hilo kabla ya masika.

"Mama alikuwa akisema udongo ni kama mtu, hautaki kuelemewa kwa siku moja. Unaweka tabaka la unene wa kiganja, unatwanga, unaacha ulale. Kesho tabaka lingine. Na udongo bora ni wa kichuguu, maana mchwa wameshaufanyia kazi. Huku vichuguu sijaviona. Nikatafuta unaofanana."

Aliupata kwenye mashimo ya ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, mwekundu na wenye kunata. Akauchanganya na vumbi la matofali. Vipimo alivifunga kwenye kamba kwa mafundo: fundo la sentimita ishirini na tano kwa urefu wa kilima, na mafundo ya mita kumi na nane na ushee kutoka kileleni hadi anaposimama mpigaji. Kamba hiyo ndiyo ofisi yake.

"Nimefundisha miaka thelathini," anasema Mwalimu Liang. "Sijawahi kuwa na kilima kisichokuwa na tope mwezi wa Juni, mpaka Ayi alipokivunja cha kwanza."

Kilima kikakaza, lakini timu ikawa inalegea. Mwaka 2017 ilikuwa na wachezaji 26. Leo imebaki na 11, na mchezo unataka tisa uwanjani. Vijana wanapenda mpira wa kikapu. Vyumba vya kubadilishia nguo vinavuja, na wavu wa nyuma umefungwafungwa kwa waya.

Mwezi wa Mei barua ikabandikwa kwenye mlango wa banda la zana. Kamati ya chuo ilisema itakuja kutazama mechi ya tarehe kumi na mbili Juni. Ikiridhika kwamba uwanja unachezeka msimu wa mvua, itafikiria kutoufunga. Kwa Bibiana haikuwa habari ya mchezo tu. Mshahara wake ni yuani 3,200 kwa mwezi, na kibali chake cha kukaa Uchina kinategemea ajira hiyo.

Siku tatu kabla ya mechi mvua ilishuka bila kupumua. Bibiana alimpigia simu Msabaha, kijana wa Unguja anayefungasha mizigo karibu na stesheni, ndiye aliyeutafutia ule mchi nafasi kwenye mzigo. Msabaha akaja na turubai moja kuukuu.

"Shikamoo Mama Joyness. Nimeuliza kwa laoban wangu, bosi, kama ana jingine. Mei you, hakuna," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe na kuchanganya Kiswahili na Kichina kama wafanyavyo wote wa pale sokoni.

"Marahaba mwanangu. Moja litafunika nini?"

"Litafunika unachokipenda."

Ndivyo ilivyokuwa. Bibiana alikifunika kichuguu. Siku ya mechi kilikuwa kikavu kama sakafu ya kanisa, lakini njia za kukimbilia zilikuwa tope tupu. Wageni walianguka mara tano. Kabla ya nusu ya mchezo mwamuzi akasimamisha. Wanakamati wawili waliosimama chini ya miavuli waliandika kitu kwenye daftari, wakaondoka.

Barua ya pili ilikuja baada ya siku nne.

Akifika hapa Bibiana anaulaza mchi mapajani.

"Nilikosea," anasema. "Ningefunika njia. Kichuguu ningekikausha kwa vumbi la matofali asubuhi ile ile, najua namna. Lakini nilikipenda mno, na mwenye kupenda hachagui vizuri. Wale wakubwa walikuja kutazama watu wakikimbia, mimi nikawaonyesha kichuguu."

Mwalimu Liang anakataa lawama hiyo. Anasema timu ya watu kumi na mmoja ingevunjwa hata kama jua lingewaka mwezi mzima. Bibiana anamsikiliza kwa adabu, wala hamwamini.

Jambo wanalolisimulia wachezaji wakikaa naye ni vitendawili. Mvua ikizuia mazoezi huwategea bandani, na amewafundisha desturi yetu kwamba anayeshindwa hutoa mji. Wamempa Foshan, Shenzhen, Shanghai, hata Beijing. Kuna kimoja ambacho kila mwaka wageni wapya hushindwa: "Mchana kutwa wanamkanyaga, asubuhi anaamka na kimo chake kilekile." Watasema nyasi, watasema zulia, watasema kivuli. Jibu ni kichuguu wanachokikanyaga kila siku.

"Nina miji yote ya Uchina," anasema. "Ila pa kuweka udongo wangu ndipo sina."

Jumamosi iliyopita Mwalimu Liang alikuja bandani bila kofia. Amepata kipande cha ardhi pembeni ya kiwanda kilichofungwa cha kupaka rangi vitambaa. Mwenye ardhi amewakubalia mwaka mmoja. Wachezaji tisa kati ya kumi na mmoja wamesema watakwenda, wakiwa klabu ya mtaani na si chuo tena. Klabu imeomba ruhusa ya kumwajiri Bibiana. Kibali chake kinaisha Agosti thelathini na moja, na jibu halijatoka.

"Sitaki kukudanganya, Ayi," Mwalimu alimwambia. "Huenda ukatujengea kisha ukaondoka."

Bibiana akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nimembeba mama yangu kwa viroba arobaini, na bado ni mmoja."

Mwalimu Liang alifikiri kwa muda mrefu, akitazama mvua. Mwisho akatikisa kichwa na kusema, kama alivyozoea, "Chukua Guangzhou."

"Mji sitaki safari hii. Nipe hiyo ardhi yako, urefu wa kamba yangu."

Viroba vimeshakuja. Msabaha aliviteremsha jana kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, vyote arobaini, baada ya kubishana na Bibiana aliyetaka mifuko ya shangazi kaja, ile ya plastiki yenye mirabaraba, kwa kuwa ni nafuu. "Hiyo itapasukia barabarani, Mama, uje uokote kichuguu kwa kijiko," alimwambia.

Keshokutwa wataanza kukichimba kichuguu, tabaka kwa tabaka, lile la juu litangulie kufungwa ili liwe la mwisho kuwekwa. Bibiana anakusudia kumaliza ujenzi kabla ya mwisho wa Julai. Agosti ataitumia kuwafundisha wachezaji wawili kusikiliza udongo kwa kisigino, na kuwakabidhi kamba.

Na mchi?

Anautazama kama vile hakulitegemea swali hilo.

"Mchi nitauacha wima pale pale, juu ya kichuguu," anasema. "Nikipata kibali, nitajua ulipo. Nisipokipata, mvua ya kwanza ikinyesha wataona wenyewe ni wa nini."

Anavaa viatu. Upande wa pili wa uwanja wachezaji wanaanza kuingia, na wa kwanza kufika anapanda kichuguuni, anakanyaga mara mbili kwa kisigino, na kuinamisha sikio.