Doa la Mrenda Muthangari

Jirani yangu Jackton ni fundi wa vigae, na kwa kazi yake sina neno. Shida yake ni tumbo. Chakula cha kununua hakigusi. Lazima abebe ugali na mrenda wa mkewe Namalwa kutoka hapa Kabiria, na mboga ile, ukiinua kijiko, utelezi wake unavutika mpaka ukutani.

Mwezi jana alipata kazi Muthangari kwa Bi Mabruka, mama wa Lamu anayekagua sakafu kwa kidole. Alikuwa ameagiza mawe ya chokaa ya sakafu kutoka ng'ambo, na onyo lilikuwa moja: atakayelitia doa jiwe lolote, kazi imekwisha. Mpumbavu Jackton akalia chakula juu ya mojawapo ya mawe hayohayo. Aliponyanyua bakuli, akaona duara la kahawia lenye nyuzinyuzi zilizotambaa pembeni.

Alijua ni mrenda umemwagika. Akasugua kwa sabuni, wapi! Siku ya pili akaja na ndimu, nyuzi chache zikafutika, akafurahi, akasugua siku nzima. Ningekuwa mimi ningelilaza jiwe kifudifudi nikapaka saruji. Lakini Jackton hajui kudanganya, na usingizi ulikuwa umempaa. Siku ya tatu akaenda kwa mwenye nyumba, kofia mkononi.

"Madam, hii doa ni mrenda yangu. Nisamehe tu."

Bi Mabruka akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Mrenda gani? Huyu konyeza. Mwenzake alinichoma mguu baharini nikiwa mdogo, simsahau."

Akaitwa mtaalamu wa chuo kikuu, akaja na lenzi yake. Akaeleza kwamba konyeza hana mfupa, ni maji na utelezi mtupu, huoza kabla hujamzika. Kumpata ndani ya jiwe, baada ya mamilioni ya miaka, ni bahati adimu mno. Kisha akauliza nyuzi za upande wa kushoto zimekwenda wapi. Jackton akamwonyesha ndimu. Mtaalamu akaketi juu ya mfuko wa saruji.

Jackton hakufukuzwa kazi. Akarudi nyumbani akamsimulia mkewe huku akicheka peke yake. Namalwa akaweka mwiko chini.

"Baba Quincy, mnyama amekufa mamilioni ya miaka, na wewe ukaona ni chakula yangu?"

Jackton akafikiri vizuri, akamjibu kwamba si chakula chote, ni mrenda tu.